Asiyekuwapo na Lake Halipo: Kwa Nini Chama cha Rais wa Marekani Hupoteza Viti Katikati ya Muhula

ELIMU YA URAIA

Ndugu mkazi wa kata, somo la toleo hili linatoka mbali, lakini swali lake linatuhusu. Nchini Marekani, mgombea anaweza kushinda urais kwa kura nyingi, akashangiliwa barabarani, kisha baada ya miaka miwili tu chama chake kikashindwa vibaya katika uchaguzi wa wabunge. Jambo hili halitokei kwa nadra. Limejirudia kwa marais wa vyama vyote viwili vikuu, wapole na wakali, vijana na wazee, hata wataalamu wa siasa wakalihesabu kuwa karibu kanuni. Je, wananchi wa Marekani ni vigeugeu? Au kuna jambo jingine linalobadilika kati ya uchaguzi mmoja na mwingine?

Makala hii inaeleza sababu zake, kisha inaonyesha kwa nini somo hili linamhusu mtu anayetegemea barabara, zahanati na kisima cha kijiji chake.

Kalenda ya uchaguzi ya Marekani

Rais wa Marekani huchaguliwa kila baada ya miaka minne. Bunge la nchi hiyo lina sehemu mbili. Baraza la Wawakilishi lina wajumbe 435, na wote huchaguliwa upya kila baada ya miaka miwili. Seneti ina wajumbe 100, wawili kwa kila jimbo, nao hukaa madarakani miaka sita. Kila baada ya miaka miwili, takriban theluthi moja ya maseneta hurudi kwa wapiga kura.

Kwa sababu hiyo, rais anapofika katikati ya muhula wake, Baraza zima la Wawakilishi na sehemu ya Seneti huingia kwenye uchaguzi. Jina la rais halimo katika karatasi ya kura. Hata hivyo, kwa wananchi wengi yeye ndiye anayepimwa. Uchaguzi huu huitwa uchaguzi wa katikati ya muhula.

Msomaji azingatie kwamba neno "jimbo" katika makala hii lina maana ya sehemu za nchi ya Marekani kama Virginia au Wisconsin, ambazo zina gavana na bunge lake. Halina maana ya jimbo la mbunge kama tulivyozoea hapa kwetu.

Kumbukumbu ya miaka mingi

Kuanzia mwaka 1934 hadi 2022 ulifanyika uchaguzi wa katikati ya muhula mara 23. Katika mara 20 kati ya hizo, chama cha rais kilipoteza viti katika Baraza la Wawakilishi. Mara tatu tu kiliongeza viti: mwaka 1934, 1998 na 2002.

Hasara hizo hazilingani. Mwaka 1994, chini ya Rais Bill Clinton, chama cha Democratic kilipoteza zaidi ya viti 50 na kuachia uongozi wa Baraza kilioushika kwa miaka 40 mfululizo. Mwaka 2010, chini ya Rais Barack Obama, chama hichohicho kilipoteza viti 63. Mwaka 2018, chini ya Rais Donald Trump, ilikuwa zamu ya chama cha Republican kupoteza takriban viti 40. Mwaka 2022, chini ya Rais Joe Biden, chama cha Democratic kilipoteza viti 9 tu, lakini vilitosha kukiondolea wingi katika Baraza.

Dalili hiyo huonekana hata katika majimbo. Virginia humchagua gavana wake mwaka mmoja tu baada ya uchaguzi wa rais. Kuanzia 1977 hadi 2021, jimbo hilo lilichagua gavana mara 12. Mara 11 alishinda mgombea wa chama kisicho cha rais aliyekuwa madarakani. Mara moja tu, mwaka 2013, chama cha rais kilipata ushindi. Jambo linalojirudia kwa namna hii haliwezi kuwa bahati mbaya ya mtu mmoja. Lina mizizi.

Sababu ya kwanza: maji hujaa, kisha hupwa

Wakazi wa pwani wanajua kwamba wakati wa bamvua maji hupanda hadi mahali ambapo siku nyingine hayafiki. Vyombo huelea karibu na nyumba. Mgeni anayefika siku hiyo anaweza kudhani kuwa huo ndio mpaka wa kawaida wa bahari. Maji yakipwa, vyombo vilivyopandishwa na bamvua hubaki mchangani.

Mwaka 1960, mtaalamu wa siasa Angus Campbell alieleza uchaguzi wa Marekani kwa namna inayofanana na hiyo. Mwaka wa uchaguzi wa rais, kampeni huwa kubwa, habari huenea kila nyumba, na watu ambao kwa kawaida hawafuatilii siasa hutoka kwenda kupiga kura. Wengi wao huvutwa na mgombea anayevuma. Kura zao hazimfaidi rais peke yake, bali huwainua pia wagombea ubunge wa chama chake, hata katika maeneo ambayo kwa siku za kawaida wasingeshinda. Miaka miwili baadaye mvumo umetulia, wapiga kura wale wa msimu wamebaki nyumbani, na mbunge aliyeinuliwa na maji hujikuta nchi kavu.

Takwimu zinaonyesha tofauti hiyo. Mwaka 2008, takriban asilimia 62 ya wenye haki ya kupiga kura walijitokeza. Mwaka 2010 walikuwa takriban asilimia 41. Mwaka 2014 walishuka hadi chini ya asilimia 37, kiwango cha chini kabisa tangu mwaka 1942.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Kijiji kina wenye haki ya kupiga kura 100. Mwaka wa uchaguzi wa rais wanajitokeza 62: kati yao 33 wanakipa kura chama cha rais na 29 wanakipa chama cha upinzani. Rais anashinda. Baada ya miaka miwili, kati ya wale 33 wanarudi 18 tu. Kati ya wale 29 wanarudi 22. Sasa chama cha rais kina kura 18 na upinzani una 22. Chama cha rais kimeshindwa, na katika kijiji kizima hakuna hata mtu mmoja aliyebadilisha msimamo. Waliobadilika ni waliofika kituoni.

Sababu ya pili: mwenye uchungu hutangulia

Mfano huo unazaa swali. Kwa nini wafuasi wa rais ndio wanaobaki nyumbani zaidi? Jibu lipo katika tabia ya binadamu. Aliyeshinda hutulia. Anaona kazi imekwisha, na mtu wake yuko Ikulu. Aliyeshindwa halali. Kila sheria mpya inamkumbusha kushindwa kwake, na siku ya kura ikifika huwa wa kwanza kwenye mstari.

Zaidi ya hayo, kipya ni kinyemi ingawa kidonda. Rais mpya hupokewa kwa matumaini ambayo hakuna mwanadamu awezaye kuyatimiza yote kwa miaka miwili. Baadhi ya waliompigia kura huona amekwenda polepole, na wengine huona amekwenda mbio mno. Mwaka 1977 mtaalamu Samuel Kernell alionyesha kwamba wasioridhika na rais huwa na msukumo mkubwa zaidi wa kupiga kura kuliko walioridhika. Hasira hutembea kwenda kituoni, na shukrani mara nyingi hukaa barazani.

Hata hivyo, haifai kudhani kuwa kila kitu hutokana na watu kubaki nyumbani. Mwaka 2018 takriban nusu ya wenye haki ya kupiga kura walijitokeza, kiwango kikubwa kuliko vyote vya uchaguzi wa katikati ya muhula katika muda wa karne moja, na bado chama cha rais kilishindwa. Kujaa kwa vituo hakukukiokoa. Kwa hiyo tunalazimika kutazama pia wale wanaobadilisha kura zao kwa makusudi.

Sababu ya tatu: kuweka mizani sawa

Wapo wapiga kura ambao si wafuasi sugu wa upande wowote. Hao wanaweza kumpenda rais kwa kiasi, lakini hawapendi mtu mmoja ashike usukani, makasia na nanga. Wanapoona chama kimoja kina rais na pia kina wingi bungeni, hukipa chama kingine viti ili kiwe breki. Wataalamu Alberto Alesina na Howard Rosenthal waliieleza tabia hii kuwa ni njia ya wapiga kura wa kati kuweka mizani sawa.

Wakati wa uchaguzi wa rais, wapiga kura hao hawajui bado nani atashinda, kwa hiyo hawawezi kupima vizuri. Katikati ya muhula wanajua tayari nani yuko Ikulu, na jiwe la kuweka upande wa pili wa mizani wanalo mkononi. Maelezo haya yanasaidia kufahamu kwa nini hata rais asiye na kosa kubwa hupoteza viti.

Sababu ya nne: hukumu juu ya hali ya maisha

Sababu ya mwisho ndiyo iliyo karibu zaidi na sufuria ya nyumbani. Mwaka 1975 mtaalamu Edward Tufte alionyesha kwamba ukubwa wa hasara hufuata mambo mawili: kiasi rais anavyokubalika kwa wananchi, na mwenendo wa kipato chao. Karibu kila rais hupoteza viti, lakini rais mwenye uchumi mbaya na sifa iliyochafuka hupoteza vingi zaidi. Mwaka 1974, miezi mitatu baada ya Rais Richard Nixon kujiuzulu kwa kashfa ya Watergate, chama chake cha Republican kilipoteza karibu viti 50. Mwaka 2010 nchi ilikuwa bado haijapona kutokana na mdororo mkubwa wa uchumi, na watu wengi walikuwa hawana kazi.

Idadi ya viti ambavyo chama kinavishikilia nayo ina uzito. Chama kilichojaza viti vingi katika maeneo ya wapinzani kina vingi vya kupoteza. Mwaka 2022 mfumuko wa bei ulifikia asilimia 9.1 mwezi Juni, na wengi walitarajia chama cha Rais Biden kipigwe vibaya. Lakini chama hicho kilikuwa kimeingia na wingi mdogo tu, hivyo hakikuwa na viti vingi vya hatari. Pia mwezi huohuo Mahakama ya Juu ilifuta haki ya utoaji mimba iliyokuwa imelindwa kwa karibu miaka 50, na uamuzi huo uliwaamsha wapiga kura wa upande wa rais ambao kwa kawaida wangetulia. Matokeo yake, hasara ilikuwa ndogo, na katika Seneti chama cha rais kiliongeza kiti kimoja.

Pale kanuni ilipovunjika

Mara tatu ambapo chama cha rais kiliongeza viti zinatufundisha kama zile 20. Mwaka 1934 nchi ilikuwa katikati ya dhiki kuu ya uchumi, na wananchi wengi waliona Rais Franklin Roosevelt anapambana kwa ajili yao. Mwaka 1998 wapinzani wa Rais Clinton walikuwa wanajiandaa kumshtaki bungeni wakati uchumi ukiwa imara, na hasira ikawa upande wa wafuasi wake. Mwaka 2002 nchi ilikuwa bado na mshtuko wa mashambulizi ya Septemba 11, 2001, na Rais George W. Bush alikuwa anakubalika sana.

Kila mara palikuwa na jambo kubwa lililowafanya wafuasi wa rais wasilale. Kanuni hii, kwa hiyo, haifanani na sheria ya kupwa na kujaa kwa bahari ambayo hakuna awezaye kuizuia. Inategemea nani ameamka siku hiyo na kutoka nyumbani.

Matokeo kwa huduma za wananchi

Mtu anaweza kusema: hao ni wanasiasa wanaopokezana viti, mwananchi wa kawaida anaguswa wapi? Anaguswa katika huduma. Baada ya uchaguzi wa 1994, Bunge jipya na Rais Clinton walishindwa kukubaliana kuhusu bajeti. Kuanzia katikati ya Desemba 1995 hadi mwanzoni mwa Januari 1996, ofisi nyingi za serikali kuu zilifungwa kwa siku 21. Hifadhi za taifa na makumbusho vilifunga milango, maombi ya pasipoti yalikwama, na watumishi wengi walikaa nyumbani bila kujua mshahara utakuja lini.

Uchaguzi wa 2010 uliacha alama ndefu zaidi. Siku hiyohiyo walichaguliwa pia wajumbe wa mabunge ya majimbo, na katika majimbo mengi mabunge hayo ndiyo huchora mipaka ya maeneo ya uchaguzi baada ya sensa. Sensa ilikuwa imefanyika mwaka huohuo. Walioshinda siku hiyo walichora mipaka ya kutumika kwa miaka kumi. Katika jimbo la Wisconsin, mwaka 2012, chama cha Republican kilipata viti 60 kati ya 99 vya baraza la chini la bunge la jimbo, ingawa kura zake jimboni kote hazikufika nusu. Aliyebaki nyumbani mwaka 2010 kwa kudhani kwamba uchaguzi ule ulikuwa mdogo, aliishi na matokeo yake mwaka baada ya mwaka.

Funzo kwetu

Tanzania haina uchaguzi wa katikati ya muhula wa namna hiyo. Rais, wabunge na madiwani huchaguliwa katika uchaguzi mkuu mmoja kila baada ya miaka mitano. Kenya nayo humchagua rais, magavana, maseneta na wabunge siku moja. Kwa hiyo si sahihi kuchukua kanuni ya Marekani na kuipachika hapa kana kwamba itafanya kazi ileile.

Lakini tunao uchaguzi usio na jina la rais kwenye karatasi. Ni uchaguzi wa serikali za mitaa, ambao kwa kawaida hufanyika mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu: ulifanyika mwaka 2014, 2019 na 2024. Ndipo wanapopatikana wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji pamoja na wajumbe wao. Uandikishaji wake una orodha yake, tofauti na Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, hivyo mwenye kadi ya mpiga kura bado anapaswa kujiandikisha katika eneo analoishi siku zinapotangazwa.

Uchaguzi huo hauna misafara mikubwa, na ni rahisi kuuona mdogo. Tuupime kwa kazi zinazotokana nao. Halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ana haki ya kuhudhuria, hukutana kila baada ya miezi mitatu. Ndiko zinakosomwa taarifa za mapato na matumizi, na ndiko mwananchi anakoweza kuuliza michango ya darasa imefika wapi. Katika mkutano ambao wamefika watu thelathini, hao thelathini huamua kwa niaba ya mamia waliobaki shambani, dukani au nyumbani.

Hapo ndipo somo la Marekani linapofika mlangoni kwetu. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Wapiga kura waliobaki nyumbani mwaka 2010 hawakuwa wameacha kuamua. Walikuwa wamewaachia wengine uamuzi wao, na wengine hao wakautumia. Aliyeridhika na uongozi wa kijiji chake na asiyeridhika nao wana wajibu uleule: kujiandikisha, kufika, na kuhesabiwa.

Maswali ya majadiliano

Wakazi wanaweza kuyatumia maswali haya katika vikundi, vyama vya akiba na mikopo, au mikutano ya kitongoji.

1. Katika ule mfano wa kijiji cha watu 100, ni nani hasa aliyeamua matokeo ya uchaguzi wa pili: waliopiga kura au wasiopiga?

2. Kwa nini mtu aliyeridhika na kiongozi wake huwa mzito kujitokeza kuliko asiyeridhika? Je, hali hiyo ipo katika mikutano yetu?

3. Mkutano mkuu wa mwisho wa kijiji au mtaa wako ulihudhuriwa na watu wangapi, na uliamua mambo gani yanayokugusa?

4. Ni vikwazo gani huwazuia wakazi wa kitongoji chako kuhudhuria, hasa kina mama, vijana na watu wenye ulemavu, na kipi kati yake kinaweza kuondolewa kabla ya mkutano ujao?